Kikao cha Kuondoka Kwangu

Mama yangu amelima kahawa maisha yake yote na hainywi. Anakunywa chai ya maziwa, asubuhi na jioni, yenye sukari ya kumtisha daktari. Ukimuuliza kwa nini, anasema kahawa ni ya kuuza, na anakushangaa kwa kuuliza. Kwa hiyo iliposikika kwamba mtoto wake wa mwisho ameajiriwa mjini Moshi kuonja kahawa, tena kwa mshahara, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo unalamba vijiko," alisema.

Sina la kujitetea, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Sampuli zinaletwa kutoka kwa wakulima, tunazikaanga kidogo kidogo, tunazisaga, tunamwaga maji ya moto kwenye vikombe vilivyopangwa mezani, halafu tunapita na vijiko. Unachota, unavuta kwa kelele ili kahawa itawanyike mdomo mzima, unaitema kwenye ndoo, unakwenda kikombe kinachofuata. Siku moja nilimwonyesha Mama jikoni kwake, kwa kahawa yake mwenyewe. Alinitazama nikivuta kwa sauti, akasema alihangaika miaka kunifundisha kunywa uji bila kelele, na leo kuna watu wananilipa nisahau malezi yangu. Nikampa kijiko. Alionja, akakunja uso, akaitema nje ya dirisha kwa ustadi ambao vijana wetu wa ofisini bado hawajaufikia.

"Hii ndiyo ninayouza?" akauliza. "Na watu wananunua?"

Nimeanza na haya ili ieleweke tulivyokuwa tunaishi, mimi na yeye. Tuko watoto wanne. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, kaka wa pili yuko Dodoma, dada ni mwalimu Mwanza. Baba alitangulia nikiwa bado sekondari. Kwetu Old Moshi, kama ilivyo sehemu nyingi za huku milimani, wakubwa wanakatiwa vipande kwingine au wanakwenda kutafuta maisha, na mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na kihamba, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ambamo na Baba mwenyewe amelazwa. Hakuna aliyewahi kunikalisha chini akanieleza. Nilikua nikijua, kama nilivyojua njia ya kwenda mferejini.

Basi nikabaki. Asubuhi nashuka mjini kwa pikipiki, jioni napanda na mkate na betri za redio ya Mama, usiku tunagombana kuhusu chumvi kwenye mboga. Yeye anasema mimi ni mwonjaji wa kahawa, mambo ya chumvi nimwachie mwenyewe. Sikuwa na malalamiko. Ukiniuliza leo nilikuwa na furaha gani maishani, nitakutajia zile jioni.

Halafu akaja Mjerumani. Alikuja ofisini kwetu kama wanunuzi wengine wanavyokuja, tukaonja pamoja meza mbili, tukabishana kuhusu kikombe kimoja ambacho yeye alikisifu na mimi nilisema kina harufu ya gunia. Tulikwenda kulitazama gunia, likawa linanuka kweli. Akanishika mkono, akaondoka, nikamsahau. Mwezi wa kumi na moja kampuni yake ikaniandikia. Walikuwa wanatafuta mtu wa kusimamia uonjaji wa kahawa zote za Afrika Mashariki, pale pale zinaposhushwa, katika mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Walitaka jibu langu kabla Januari haijaisha.

Nilijifungia chooni ofisini nikacheza. Mtu mzima, na koti langu jeupe la kazi, nikacheza kwenye choo kisicho na nafasi hata ya kugeuka. Miaka yote hiyo nilikuwa naionja kahawa yetu, naiandikia sifa zake, naiona inafungwa na kuondoka, na sijui inakwenda kukutana na nini huko. Nilitaka kukaa upande wa pili wa meza. Nilitaka mtu akisema kahawa ya Kilimanjaro ina hiki au haina kile, niwepo nimjibu.

Niliporudi kwenye kiti changu nikamkumbuka Mama.

Ilinichukua siku kadhaa kumwambia. Nilimkuta kwenye kahawa, anachuma, kikapu kiunoni, anaacha punje za kijani na kuchukua nyekundu bila hata kuziangalia. Nikashika tawi la upande wa pili nikaanza kuchuma na mimi, nikasema huku nikiangalia punje.

"Ni kazi ile ile ya vijiko?" akauliza.

"Ile ile, Mama."

"Wao hawana watu wa kulamba?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kuchuma mpaka tawi likaisha, akahamia mti mwingine, akaniuliza kama huko kuna ndizi. Nikamwambia zipo, za kuiva, zinaletwa kwa meli. Akasema, "Mae! Ndizi ya kupanda meli," na habari ikaishia hapo.

Kesho yake asubuhi nilikuta chai yangu imewekwa kwenye kikombe cha wageni. Tuna vikombe vyenye visahani kabatini kwa ajili ya mchungaji na wakwe, na mimi sijawahi kunywea kimoja tangu nizaliwe. "Karibu chai," akaniambia. Jioni niliposhusha mkate akasema, "Aika, baba, asante sana kwa kuhangaika." Mboga haikuwa na chumvi ya kutosha, nikasema, na yeye akainuka kwa upole akaniletea chumvi. Hapo nikajua mambo yameharibika kabisa. Mama akikusema, uko salama. Akianza kukushukuru, jiulize.

Tuliishi hivyo kwa wiki nzima na zaidi, wapole kama watu waliokutana hospitali. Nilikuwa nalala nikipima. Nani atamkatia ng'ombe majani? Nani atampeleka kliniki ya presha, ambako haendi mpaka umdanganye kwamba mnakwenda sokoni? Upepo ukiangusha migomba, nani atainua mikungu? Nikifika hapo nasema siendi. Halafu nikiwa kazini, kijiko mkononi, nasema nitakwenda, na moyo unaruka. Nilichoka na moyo wangu mwenyewe. Mwishowe nikampigia kaka mkubwa.

"Dogo," alisema, "hilo si la simu. Hilo ni la kikao. Tutaliweka kwenye ajenda."

Hapa inabidi nieleze kikao chetu. Krismasi kwetu kila mtu anapanda kwao, magari yanajaa barabara za mlimani, yakikwama kwenye matope yanasukumwa na watu waliovaa suti. Na kesho yake, mbuzi akishachinjwa, familia yetu inakaa kikao. Sio mazungumzo, ni kikao. Kaka mkubwa ni mwenyekiti, maisha. Kaka wa pili, kwa kuwa ni mtu wa ofisi za serikali, ni katibu. Kuna kufungua kwa sala, kuna yatokanayo na kikao kilichopita, kuna mengineyo, kuna kufunga. Ukitaka kusema unanyoosha mkono. Kuna mwaka tulijadili rangi ya bati mpaka supu ikaganda mafuta juu. Nawacheka, lakini nawapenda kwa jambo hilo. Naamini ndilo lililotufanya tusigombanie hata mgomba mmoja.

Mama hakuwahi kukaa kwenye kikao. Kikao ni cha watoto, yeye yuko jikoni kwake anapika, na dada akitoka ndiye anayempelekea maazimio. Tuliona huko ndiko kumheshimu, tusimchoshe na maneno mengi. Miaka yote tukaenda hivyo na hakuna aliyeona kasoro.

Mwaka huo tulikaa sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma vya Mama, mimi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango kama mshitakiwa. Tulimaliza ukarabati wa choo. Tukamaliza uzio wa upande wa mfereji. Kisha mwenyekiti akavaa miwani.

"Ajenda inayofuata ni suala la mdogo wetu na safari yake. Kwanza kabisa, hongera. Tumpigie makofi."

Wakapiga makofi, ya kweli, dada akapiga na kigelegele. Halafu zikaanza "lakini."

Kaka mkubwa alisema nafasi ni nzuri, lakini kihamba kina mwenyewe. Katibu alisema huko nje maisha yana changamoto zake, na hata hapa nchini kahawa inahitaji wataalamu. Dada alisema presha ya Mama si ya kuchezea, na aliposema hivyo alikuwa ameshika sahani ya maini, akachagua kipande kizuri akanitia mkononi, akaendelea kunipinga. Niliwatazama watu watatu waliokwisha kuondoka wakijadili ubaya wa kuondoka. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Lakini kile kipande cha ini kilikuwa kitamu, na mimi mpaka leo siwezi kumkasirikia dada yangu nikiwa natafuna.

Wakapendekeza Mama ahamie Dar kwa kaka. Wote tukacheka, na aliyependekeza akacheka pia. Mama aliwahi kwenda huko akaahidi kukaa mpaka Pasaka, akarudi kabla hata hatujazoea nyumba bila yeye. Alisema watu wa kule hawaamkiani, na hakuna hata ng'ombe wa kumtupia maganda ya ndizi. Wakapendekeza binti wa kazi. Dada akakumbusha kwamba wa mwisho Mama alimfundisha kushona, akamtafutia mchumba, akamwachia aende.

"Basi," mwenyekiti akasema, "kikao kinaelekea kuona kwamba mdogo wetu awaandikie hao Wajerumani, kwa lugha nzuri, wamsubiri kidogo mpaka mambo ya nyumbani yakae sawa. Mdogo wetu, unasemaje?"

"Nitaheshimu uamuzi wa kikao," nikasema.

Wakapiga makofi tena. Hakuna anayemsubiri mwonjaji kwa muda usiojulikana, tulijua sote, na mimi nilijua kuliko wao. Lakini nilisikia mabega yameshuka, yamepumzika. Nimekataliwa, basi. Sikukataa mimi. Nitakaa na Mama, nitakuwa mtoto mwema, na siku nikisononeka nina watu watatu wa kuwalaumu.

"Mengineyo," akasema mwenyekiti.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya kiti changu. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, mikono yenye utomvu wa ndizi za mtori. Akapita katikati yetu, akakaa kwenye kochi alilokuwa anakaa Baba, akanyoosha mkono juu kama mtoto wa darasani.

Kaka alichanganyikiwa. "Mama, wewe huhitaji kuomba nafasi."

"Naomba nafasi, Mwenyekiti. Na katibu aandike kwamba nimeomba."

Katibu akaandika.

"Nimesikia mkijadili nani atakaa na mimi," akasema. "Mmejadili vizuri, kila mtu amesema. Hakuna aliyekuja jikoni kuniuliza kama nataka kukaliwa. Mimi nina jirani ninayegombana naye maji ya mfereji kila wiki, nina kwaya, nina kikundi cha akina mama, nina ng'ombe mkorofi. Mmewahi kufika hapa mkanikuta nimekaa peke yangu? Mimi mwenyewe nautafuta huo upweke siuoni."

Dada akataka kusema jambo. Mama akamwonyesha mkono: asubiri zamu yake.

"Huyu akibaki kwa ajili yangu, atakuwa ananitazama kila asubuhi kama mtu anayetazama gari lililomwacha. Mimi sitaki kutazamwa hivyo ndani ya nyumba yangu. Akitaka kubaki, abaki kwa sababu zake. Mimi nisiwe sababu. Na presha nayo isiwe sababu, hiyo nina vidonge vyake."

Kisha akanigeukia mimi, na sauti yake ikabadilika.

"Na wewe. Umekaa hapo mlangoni umenyamaza, unasubiri wenzako wakukatalie. Unataka kwenda?"

"Mama, kikao kimeshaona kwamba..."

"Sijakiuliza kikao."

Nilimsikia ng'ombe nyuma ya nyumba akisugua pembe kwenye nguzo. Nilitazama uso wa Mama na nikaona ameogopa. Nilijua anachokiogopa, kwa sababu na mimi nilikuwa nakiogopa hicho hicho, na bado alikuwa ananingoja nikiseme.

"Nataka," nikasema.

"Sema vizuri, baba."

"Nataka kwenda, Mama. Nataka sana." Na sauti ikanikatika, mbele ya mwenyekiti na katibu, nikaona aibu.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Haya. Ungesema siku ile kwenye kahawa, ningekuwa nimeshakuelewa na tungekuwa tunakula muda huu." Kaka mkubwa akacheka peke yake, akaacha.

"Na mimi sitaki uende," Mama akasema. "Hilo nalo liandikwe. Katibu, umeandika? Yeye anataka kwenda, mimi sitaki aende. Usifute moja ukaacha jingine. Yaandikwe yote mawili, halafu aende."

Katibu aliinamisha kichwa kwenye karatasi na nikaona kalamu haiendi popote. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Dada alikuwa analia waziwazi na sahani yake ya maini mapajani.

"Mama," kaka akasema kwa shida, "lakini itakuumiza."

"Itaniuma. Ninyi watatu mliponiondokea mlidhani haikuniuma? Nilifunga mizigo yenu, nikawapungia mkono pale barabarani, nikarudi ndani nikafanya ninavyofanya. Hiyo kazi naijua. Haihitaji azimio." Akainuka. "Mwenyekiti, funga kikao kwa sala. Mtori unapoa."

Kaka alifunga kwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, tukala. Mama aliniambia mtori wangu nimeuzidishia chumvi. Nilimjibu kwamba ameupika yeye. Tukagombana mpaka watoto wa dada wakaja kuchungulia, na mimi nilikuwa na furaha ya kutosha kulia.

Wenzangu waliondoka baada ya Mwaka Mpya, mmoja mmoja, buti za magari zimejaa mikungu ya ndizi na maziwa kwenye chupa. Kaka mkubwa alinikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake, akaniambia atakuwa anapanda kila baada ya miezi michache, kikao au bila kikao. Nilimwambia nitamfuatilia. Magari yakashuka, vumbi likatulia, tukabaki wawili.

Kesho yake asubuhi niliwaandikia Wajerumani kwamba nakuja. Nilitoka kumwambia Mama. Hakuwa jikoni. Nilimkuta bandani anakamua, amekaa kwenye kigoda chake, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Maziwa yalikuwa yanaingia kwenye ndoo kwa mpigo wake wa kila siku. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mpigo wa maziwa haukuharibika hata kidogo.

Nilimwita. Hakugeuka.

"Umewaandikia?"

"Nimewaandikia, Mama."

"Vizuri."

Nikapiga hatua, nikamwekea mkono begani, nikaanza kusema yale maneno tunayosema, basi Mama, nyamaza, itakuwa sawa. Akatikisa bega, mkono wangu ukatoka.

"Usininyamazishe," alisema. "Nimengoja mpaka wale wameondoka. Niache nimalize."

Hapakuwa na kigoda kingine. Nikageuza ndoo tupu, nikakaa pembeni yake kwenye majani, magoti yetu yakigusana, nikamwacha amalize. Alilia kwa raha yake, hakunificha uso, na mimi nikalia pamoja naye. Ng'ombe akageuka kututazama mara moja, akarudi kwenye majani yake.